Gari ya kwanza, niko Wete, mfukoni milioni 11: mliozitumia nisaidieni

Mwalimu_Wete

Asalaam alaykum wana jukwaa.

Nasomesha Konde, nakaa Wete, hapa Pemba. Kila siku ya skuli ni kwenda na kurudi, na mwisho wa wiki mara nyingi nashuka Chake kwa mama. Kiangazi daladala hainipi tabu, lakini masika yakishika nafika darasani nguo imerowa hadi magotini. Leseni ninayo, gari sina. Alhamdulillah nimejikusanyia milioni 11, na humo humo nataka zibaki za bima, kubadilisha kadi na matengenezo ya mwanzo. Mkopo sitaki kuusikia.

Kipande cha mwisho kufika kwangu ni njia ya udongo na kuna kilima. Mvua ikinyesha kinateleza. Abiria wangu ni watoto wawili, na mama tukimpeleka hospitali.

Nilivyokwishaambiwa mpaka sasa: kaka yangu kashikilia Rav4, eti "Pemba vilima". Jirani anasema Vitz kwa sababu haili mafuta. Mwalimu mwenzangu ana Carina TI na kutwa anaisifu. Na kuna dalali mmoja ananipigia asubuhi na jioni kuhusu IST nyeupe, "gari ya daktari, haijaguswa".

Gari gani inasifiwa huko duniani nishasoma vya kutosha. Namtaka aliyekaa nayo hapa visiwani aniambie imemharibikia nini, spea kaipata wapi, na leo ukimpa pesa ataichukua tena au la.

Kombo_Fuoni

Wa alaykum salaam Mwalimu. IST ninayo tangu 2018, ya cc 1300, NCP60. Fuoni mjini kila siku, na shamba Makunduchi mara kwa mara.

Injini haijafunguliwa. Vilivyobadilishwa ni vya kuchakaa tu: shokapu za mbele, bushi, linki za stabilaiza, betri. Siku moja ikaanza kutetemeka nikisimama kwenye foleni, na taa ya injini inamweka. Fundi hakukimbilia kuniuzia kitu. Alichukua koili ya silinda ya kwanza akaihamishia ya pili, akaiwasha, kosa likahama nayo. Ikajulikana ni koili, plagi haina shida. Nikanunua koili moja, mambo yakaisha mchana ule ule.

Mafuta, mjini naona kama kilomita 12 kwa lita, njia ndefu inasogea 15. Hesabu kwa lita, shilingi ziache, maana ZURA, wanaopanga bei za mafuta Zanzibar, wanatoa bei mpya kila mwezi.

Ninachoipendea ni cheni. Injini za NZ, kama hii yangu, hazina mkanda wa taiming, zina cheni. Ukimwaga oili kwa wakati unasahau kama kitu hicho kipo.

Ubaya: mkijaa watano na mizigo nyuma inalala, na buti yake ni ndogo. Redio ya Kijapani nayo inaishia 90, stesheni zetu nyingi hupati mpaka ufungiwe kifaa cha kuzishusha. Na ukiiwasha kuna bibi anakusalimia Kijapani na kukuuliza kadi ya kulipia barabara. Watoto wangu wanamwitikia.

Ningeichukua tena.

Vijana_Subaru_Mpendae

Forester. Funga uzi.

Kombo_Fuoni

Kasema mkopo hataki, wewe unamletea Forester.

Mzee_wa_TI

Mwanangu Mwalimu, mwenzako haisifu bure. Carina TI nimekuwa nayo miaka, ya injini ya 5A, cc 1500. Kiti kipana, buti inameza magunia, kiyoyozi kinagandisha. Mkanda wa taiming unao, unabadilishwa kilomita laki moja au kabla, lakini injini hiyo ina huruma: mkanda ukikatika gari inazima, valvu na pistoni kwa kawaida hazikutani. Nilikatikiwa Mahonda, nikavutwa, ukafungwa mkanda mwengine, tukaendelea na maisha.

Ila nikueleze bila ya kuficha. TI za mwisho zilitengenezwa 2001. Changa kuliko zote unayoweza kuipata leo imeshavuka miaka 20. Injini utaipatia spea, shida inakuja kwenye vitu vidogo: raba za milango zimekauka, waya zimekuwa ngumu zinakatika ukizigusa, taa ya nyuma ikipasuka unaisaka wiki nzima. Mimi nimestaafu, nina muda wa kusaka. Wewe una watoto wanakungoja uwapeleke skuli.

Ukhti_Paje

Vitz ya kwanza kabisa, SCP10, cc 1000. Nimeinunua kwa mtu mjini nikaileta Paje.

Mafuta kweli haili, naweka kidogo nasahau. Spea bei nafuu na kila duka la spea mjini wanayo. Peke yangu au wawili ni raha. Wakija wageni nikawapakia wanne na masanduku yao kuwapeleka uwanja wa ndege, na kiyoyozi nimewasha, naikanyaga mpaka chini na bado daladala inanipita inapiga honi.

Kwa Unguja ni sawa, kisiwa chetu tambarare. Kwa vilima vya Pemba na mama nyuma sijui ukhti, utakuwa unazima kiyoyozi kila ukipanda.

Halafu pwani huku kutu inakula kila kitu. Vitasa vya nyumba, mabati, baiskeli, gari. Yangu ekzosi nimeshafunga mpya na nyengine iko njiani. Anayenunua gari iliyokuwa ikikaa ufukweni aangalie chini kwanza, rangi ya juu baadaye.

Fundi_Machomane

Ukhti wa Paje amegusa penyewe. Mimi fundi, nipo Chake. Nieleze kama ninavyoziona gari zikiletwa kwa kuvutwa.

Toyota ndogo hapa kwetu haiuliwi na injini, inauliwa na kutu. Gari inaletwa injini inanguruma vizuri. Natia jeki pale mahali pa jeki, chuma kinabonyea, jeki inapenya ndani. Ukitoa zulia la chini ya miguu unaona barabara. Gari ya namna hiyo nikikutengenezea injini nakudhulumu.

Chumvi ina njia tatu za kuingia. Ya kwanza ni upepo wa bahari, hiyo hakuna anayeikwepa ila anayeosha gari chini kwa maji baridi na kupaka dawa. Ya pili inatoka Japani kwenyewe: kule kaskazini, Hokkaido na jirani zake, majira ya theluji barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari imekula chumvi ya kule miaka kumi, halafu inaletwa kula ya huku. Ya tatu ni yetu wenyewe: gari iliyobeba dagaa na samaki. Maji ya tenga yanateremka chini ya zulia la buti, yanatuama kwenye shimo la tairi ya akiba. Muuzaji atapuliza manukato na kutandika zulia jipya. Wewe nyanyua zulia, toa tairi ya akiba, mulika na simu. Ukikuta shimo peke yake limepakwa rangi nyeusi mpya na pengine pote rangi ni ya zamani, hapo pana maneno.

Nakuja kwenye injini. Watu wananipigia: "Fundi, Premio nzuri?" Premio ipi? Premio ile ya 2001 kuendelea, ya cc 1500 ina 1NZ, injini ile ile ya IST kubwa na RunX ya 1500. Ya cc 1800 ina 1ZZ, na 1ZZ za mwanzo zina ugonjwa wa kula oili, ringi zake za oili zinaziba. Ya cc 2000 ina D4, inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, pampu yake ya presha si kitu cha kumpa fundi wa kubahatisha. Bodi moja, jina moja, gari tatu tofauti. Spacio hivyo hivyo, ipo ya 1NZ na ipo ya 1ZZ. Kwa hiyo Mwalimu, ukitajiwa jina la gari usijibu kitu. Fungua boneti, tafuta kibati, soma namba ya modeli na injini. NCP60 ni IST ya 1300. NCP61 ni ya 1500. NCP65 ni ya foo wili.

Kaka yako na Rav4 yake: nyingi za Kijapani za miaka ya 2000 mwanzoni ni hiyo hiyo D4. Mwenye pesa ya kuihudumia ni gari. Kwa milioni 11 utakayoipata ni ile ambayo mwenzako ameshachoka kuihudumia.

Kilima chako hakihitaji foo wili. Kinahitaji tairi. Gari inayovuta mbele, tairi zisizokuwa vipara, na dereva asiyesimama katikati ya mlima. Hapa Pemba wanaokwama na masika nikiwaendea nakuta tairi zimekwisha.

Mwalimu_Wete

Fundi, Mungu akubariki. Hii ya kibati nilikuwa siijui kabisa. Swali: giaboksi? Nasikia kuna za CVT watu wanazikimbia.

Fundi_Machomane

IST ya kwanza, ile ya 2002 mpaka 2007, ni otomatiki ya kawaida ya gia nne. Chomoa kijiti chake cha oili, kimeandikwa T-IV, ndiyo oili yake. Inusa. Ikinuka kuungua na imekuwa nyeusi, muage mwenye gari. Ukiwa umekanyaga breki toa P weka R, halafu D. Ikishtuka kwa kishindo au ikichelewa kushika, hesabu giaboksi.

CVT, giaboksi isiyokuwa na gia za hatua, ipo kwenye IST ya pili na Vitz nyingi za 2005 kuja huku. Si mbaya, inabana mafuta vizuri, ila haisamehe. Ina oili yake maalumu, akija mtu akakumwagia ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, umekwisha. Unguja utapata mtu wa kukushughulikia. Huku kwetu spea nyingi tunaagiza na zinakuja na boti, gari imekaa juu ya mawe inakungoja. Gari ya kwanza, ukiwa Pemba, kaa na gia nne.

Ali_Fit_Mombasa

Mimi ninayo Honda Fit, naitetea kidogo jamani, watu wanaisema vibaya. GD1, cc 1300. Ndani ni kubwa kuliko IST, viti vya nyuma vinanyanyuka unaweka hata friji imesimama. Mafuta inabana vizuri kuliko zote zilizotajwa hapo juu.

Sasa mitihani yake. Plagi ziko nane, ndiyo, nane kwa silinda nne. Fundi wa kwanza alinibadilishia nne za mbele akaniambia tayari. Na ile CVT yake ikianza kuzeeka inatetemeka wakati wa kuondoka, tunamwaga oili ya Honda yenyewe inatulia, siku zinakwenda inarudi.

Nitaichukua tena, ila niko Mombasa hapa, maduka yote yako jirani. Ningekuwa Wete nisingethubutu.

(Kwa wa Bara mnaosoma: Mombasa ni mtaa wetu hapa Unguja, msinitumie salamu za Kenya.)

Dalali_Msema_Kweli

Sisi madalali mnatusema sana, acha nami nitoe yangu.

"Gari ya daktari" ni msemo tu, dada. Ingekuwa kila IST ilikuwa ya daktari basi visiwa hivi visingekuwa na mgonjwa. Usiulize gari ilikuwa ya nani, uliza kadi ina jina la nani. Muuzaji na kadi wawe mtu mmoja. Ukiambiwa "mwenyewe yuko Omani, mimi nina idhini yake", idhini hiyo uione kwa maandishi, na uzungumze na mwenyewe. Kadi ikiwa haionekani, "ipo nyumbani", "ipo kwa shemeji", huenda ipo kwa mtu aliyekopesha pesa. Namba ya chesisi kwenye kadi ilingane na iliyogongwa kwenye gari, herufi kwa herufi.

Gari iliyokuwa ya kukodisha watalii ukanda wa Nungwi na Kendwa inakuja imeng'arishwa inapendeza. Imeendeshwa na mtu mpya kila siku, wengine wameipeleka mchangani hadi kwenye maji wapige picha. Si kwamba zote mbovu. Lakini bei isiwe ya gari ya mtu mmoja.

Na msimu wa karafuu usije kununua gari Pemba. Pesa imetoka, kila mtu anataka gari, na sisi tunajua.

Vijana_Subaru_Mpendae

Huyu dalali kaka wa nani, anaharibu biashara 😂

Jambiani_Escudo

Naona Suzuki haijatajwa. Escudo ya injini ya J20, cc 2000. Ina chesisi yake chini, si bodi tupu, kwa njia za mawe za huku mashamba haina mpinzani. Cheni, si mkanda. Imenibeba na simenti, na mbuzi, na bibi harusi. Mafuta inakunywa, sitakudanganya, kwa safari ya kila siku itakuumiza. Naitaja kwa kuwa kaka yako anataka kitu kirefu. Akilazimisha, hii kuliko Rav4 ya D4. Ila kama mlivyosema, kutu: hiyo chesisi nayo ikiliwa ni kazi kubwa ya kuchomelea. Mulika ndani ya chuma chake kwenye vile vitundu.

Mwalimu_Wete

Leo nimekwenda kuiona IST nyeupe "ya daktari". Nilikwenda na binamu yangu, asubuhi mapema. Naleta niliyoyaona, mnipe maoni.

Nilimwambia dalali asiiwashe mpaka nifike. Nimefika, nimeweka mkono juu ya boneti: ya moto. Anasema aliisogeza kivulini.

Tairi za mbele zimelika upande wa ndani tu, nje bado nzima. Kibati kinasema NCP60. Buti kavu, sijaona rangi mpya. Chini mahali pa jeki pako imara, binamu kapiga kwa funguo.

Dashibodi inasoma kilomita 87,000 na kidogo. Nilipofungua mlango wa dereva kuna stika imebandikwa kwenye nguzo, maandishi ya Kijapani, na namba zimeandikwa kwa mkono: 24, halafu 6, halafu 10, na chini yake 112,400. Nimeipiga picha. Dalali kasema ni stika ya duka la Japani tu, haina maana.

Mzee_wa_TI

Ina maana kubwa, mwanangu! Hiyo ni stika ya kumwaga oili. Wajapani huandika mwaka kwa hesabu ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo chukua namba ya mwaka ujumlishe 1988. 24 ni 2012. Tarehe 10 Juni 2012, kilomita 112,400. Hiyo ama ndiyo kilomita iliyokuwa imefika siku ile, ama ndiyo ya kumwaga oili inayofuata. Hata tukichukua hii ya pili, haiwezekani leo iwe 87,000.

Kombo_Fuoni

Mita imerudishwa, mchana kweupe, na stika wakaisahau. Mbona wengine huwa hawasahau.

Fundi_Machomane

Mwalimu, umekagua vizuri kuliko vijana wangu wawili hapa.

Kilomita nyingi peke yake hazinitishi, 1NZ na 2NZ (ya IST ya 1300) zilizotunzwa zinafika mbali. Mita iliyorudishwa ndiyo inanitisha, kwa sababu aliyedanganya hapo hatakwambia na mengine. Na boneti ya moto: gari iliyokwishapashwa huwezi kuona moshi wa bluu wa asubuhi, ambao ndio unaokuambia inakula oili. Tairi kulika ndani inaweza kuwa alaimenti tu, au gari ilishagongwa mbele. Iache.

Mwalimu_Wete

Nimeiacha. Dalali kashusha laki nane papo hapo, nikazidi kuogopa.

Dalali_Msema_Kweli

Akishusha upesi hivyo ondoka upesi zaidi.

Salum_Mtoni

Kwa nini usiagize mwenyewe kutoka Japani? Mimi nimeagiza, nimepata kitu safi ambacho hakijaonja bahari yetu. Karatasi ya mnada inakuja na alama: 4 ni nzuri, 3.5 ya kawaida, R au RA imeshapata ajali ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari kuna herufi ndogo ndogo, A mikwaruzo, U kubonyea, W palipopigwa rangi, S kutu. Ukiona S nyingi chini usiiguse.

Tahadhari zangu mbili. Kwanza, mtafute wakala wa forodha kabla hujalipa, mpe modeli, mwaka na cc akuandikie jumla yote mpaka gari itoke bandarini Malindi na namba ya Z juu yake. Watu wanaangalia bei ya tovuti wanashangilia, ushuru ukija wanaanza kuuza shamba. Pili, lipa kwenye akaunti ya kampuni, si ya mtu aliyekufuata WhatsApp akijiita wakala wao.

Kwa milioni 11 na kuivusha Pemba juu yake, IST itakubana. Passo ingeingia.

Fundi_Machomane

Passo ya cc 1000 ni silinda tatu. Injini ngumu kuliko watu wanavyoidhania, ila inatetemeka kwa asili yake, na kila wiki ananijia mtu anataka nimbadilishie maunti, zile raba zinazoshika injini. Kwa kilima na mama, naungana na ukhti wa Paje: 1300 kwenda juu.

Mwalimu_Wete

Nimepata nyengine. Mtambwe, mkulima wa karafuu, anauza mwenyewe bila dalali. IST rangi ya fedha, NCP61, yaani 1500. Kadi jina lake. Mita inasoma 163,000 na hakuficha. Nimefika ikiwa baridi, nimeiwasha mwenyewe, moshi sikuona. Ukifungua mlango harufu ya karafuu inakupiga usoni, alikuwa akibebea magunia.

Tumepanda nayo kilima na kiyoyozi kimewashwa, imepanda. Nikikata usukani mpaka mwisho na kuondoka inalia ta-ta-ta upande wa kushoto. Na nyuma imelala. Nimefungua kifuniko cha rejeta (ikiwa baridi, binamu alisisitiza), maji yana rangi ya chai.

Anataka milioni 9 na nusu.

Fundi_Machomane

Hiyo nataka kuiona. Nitajibu moja moja.

Ta-ta-ta ni sivi joint ya kushoto, kiungo cha ekseli ya gurudumu la mbele. Inafungwa, haitishi, ila ipigie hesabu. Nyuma kulala ni magunia, springi na shokapu za nyuma. Utavifunga vyote viwili pamoja.

Maji ya rangi ya chai ndiyo nataka kuyatazama. Ni kutu ya ndani. Huku watu wanatia maji ya kisima kwenye rejeta, na visima vyetu vingi maji yake magumu, ya chokaa, vya karibu na pwani vina chumvi. Yanakula pampu ya maji na kuziba vijia vya rejeta, halafu siku ya jua kali gari inachemsha, gasketi ya hedi inakwenda. Muulize imeshawahi kuchemsha. Fungua na kifuniko cha oili, tazama chini yake: ukikuta utando mweupe kama maziwa, ondoka. Kama oili iko safi na haikuchemsha, rejeta inasafishwa, inatiwa kulanti nyekundu iliyochanganywa na maji yaliyochujwa, basi.

Usimpe pesa bado. Mwambie ailete Chake Jumamosi au mie nipande Wete, naitazama chini kwa jeki. Tukikuta chini ni zima, msomee orodha: sivi joint, springi, shokapu, pampu ya maji kama inavuja. Jumla hiyo itoe kwenye bei yake mbele yake, bila kelele. Mkulima anayeonesha kilomita zake bila kuulizwa mtaelewana.

Ukhti_Paje

Na bima ukhti. Bima ndogo inamlinda uliyemgonga tu, yako ikipondeka ni yako. Kwa gari ya bei hiyo wengi wanakata ndogo, lakini uliza na kubwa ni kiasi gani kabla hujaamua.

Mzee_wa_TI

Makubaliano muandikishane, kwa sheha au kwa mwanasheria, na mashahidi, namba ya chesisi iandikwe ndani. Kadi ibadilishwe jina wiki hiyo hiyo. Usikae na gari ya jina la mtu, ikiwa aligonga mtu kabla yako wataanza na wewe.

Mwalimu_Wete

Kifuniko cha oili nimerudi kukitazama: kikavu, rangi ya oili tu, hakuna weupe. Kuchemsha anasema haijawahi, mke wake akadakia kwamba iliwahi mara moja, mpira wa juu wa rejeta ulipasuka njia ya Chake, wakasimama pale pale wakaizima. Nimempenda huyo mama.

Fundi, Jumamosi nakuja nayo Chake, yeye mwenyewe ataiendesha. Kaka yangu naye anakuja, bado anazungumzia Rav4.

Fundi_Machomane

Njooni kabla ya saa tatu, kuna foleni ya gari za harusi. Kaka yako mlete, nina D4 moja hapa imefunguliwa, ataiona mwenyewe.

Ali_Fit_Mombasa

Mwalimu, kama Jumamosi haikukupendeza naomba namba ya huyo mkulima. Mdogo wangu kahamishiwa kazi Micheweni na anatafuta 1500.